Hodi Kutoka Ndani

Kwetu Kibosho hodi hupigwa mara tatu,
na anayepiga husimama nje ya masale
mpaka asikie karibu.
Jina lake hulitaja. Shida yake hufuata.
Lakini kompyuta ya chama cha msingi
ilipiga hodi ikiwa ndani,
imekaa mezani kwangu, inakula umeme wetu,
na jina haikulitaja.

"Je, unaruhusu?"
Naruhusu nini? Ilieleza, labda,
kwa herufi ndogo kama chawa.
Nje ni Julai, baridi inang'ata masikio,
foleni ya kahawa imefika barabarani,
Mama Ndeanasia kabeba mjukuu na debe,
mizani inanisubiri, nami naisubiri mashine
inayonisubiri mimi.
Ndiyo.
"Una uhakika?"
Ndiyo.
"Una uhakika kabisa?"
Ndiyo, ndiyo,
kama mtu anayeitikia amina
huku akitafuta kiatu chini ya benchi.

Hivyo ndivyo kidole kilivyojifunza njia
bila macho.
Na nywila: herufi kumi na nne, tarakimu, alama ya dola,
ibadilishwe kila mwezi, isifanane na iliyopita.
Niliiandika kwenye kadi ya kliniki ya mwanangu,
nikaibandika chini ya droo.
Kufuli kubwa, ufunguo chini ya zulia.

Septemba, kabla ya malipo ya pili,
ikauliza tena, mara ya ngapi sijui,
na kidole kikajibu kabla yangu.
Asubuhi daftari lote lilikuwa limefungwa,
kilo za msimu mzima nyuma ya ukuta mwekundu
unaodai pesa.
Siku tisa tulirudia kwa stakabadhi,
karatasi zenye madoa ya chai,
nyingine zimetafunwa na mbuzi.
Katibu Mselle alisema neno moja tu:
"Iliuliza. Ukasema ndiyo."

Kweli iliuliza.
Mlinzi anayemdai mwenye nyumba jina lake
kila atokapo kwenda chooni usiku
ameuliza sana. Hajamlinda mtu.

Akaja Eliringia, fundi, kutoka Moshi mjini,
na dawa yake mkobani: maswali sita badala ya matatu.
Nikamwambia, kaka, kaa kwanza, chai hii hapa.
Nikichapa stakabadhi, inyamaze.
Nikifungua daftari la jana, inyamaze.
Ipige kelele pesa ikitoka,
mgeni akitaka kuingia,
namba ya malipo ya mtu ikibadilika.
Itaje nani, itaje nini.
Na ile hapana iwe na ukubwa wa ndiyo,
isikae pembeni, kijivu, kama mtoto wa kambo.
Eliringia alicheka.
Kisha akaacha kucheka, akaomba kalamu.

Mengine yalimshinda. Kujizima bado inajizima
ili ijisasishe, ila siku hizi ni usiku,
nami nimelala.

Novemba. Siku kumi na moja haikusema kitu,
nikaanza kudhani imekufa.
Ya kumi na mbili, foleni mpaka barabarani:
"Namba ya malipo ya Ndetaramo Shao
imebadilishwa jana saa tatu usiku.
Unajua aliyebadilisha?"

Kidole kiliinuka kwa mazoea,
kikasita, kikarudi mezani.
Nikasoma. Nikasoma tena.
Nikatoka na kalamu sikioni,
nikamkuta Shao wa nne kwenye mstari,
amejifunika gunia kwa manyunyu.
"Ni mjukuu wangu," akasema,
"simu ya zamani iliangukia mferejini."

Basi. Hapakuwa na mwizi.
Watu walinung'unika dakika tatu nzima.
Nikarudi ndani, nikafuta mikono kwenye kanga,
nikabonyeza ndiyo,
ya kwanza mwaka ule
niliyoisema mwenyewe.